Bati Thelathini Upande wa Pili wa Kilima

Mwamapalala,
S.L.P. 17,
Bariadi.
18 Agosti, 1996

Mpendwa mdogo wangu Lukresia,

Mwangaluka, mayu! Hamjambo huko Songea, wewe na shemeji Athanasi na watoto? Ule mguu uliokuwa unakusumbua unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia uliipaka, au umeiweka kabatini unaitazama tu? Nakujua.

Sisi huku ni wazima. Baba Scola anakohoa kidogo asubuhi, lakini ugali wake anaumaliza na anauliza kama upo mwingine, kwa hiyo mimi simhesabu kuwa mgonjwa.

Pamba ya mwaka huu imekubali. Tangu waruhusu watu binafsi kununua, kijijini kwetu mizani ziko mbili, ya chama cha ushirika na ya kampuni, na wote wanatuita mama, mama, njoo hapa. Zamani nani alituita? Na mimi nimejinunulia raba za mtumba pale mnadani, za bluu, zimenikaa mguuni kama nilipimwa.

Sasa kaa vizuri, maana barua hii ina sababu yake. Mwaka jana nilikuandikia kwamba mwanangu Scola, mwalimu, amejengewa na mumewe Constantine, yule anayeinunulia kampuni pamba, nyumba ya bati. Bati thelathini. Sikukudanganya, mdogo wangu. Zile bati nilizihesabu mwenyewe zikipita mbele ya nyumba yangu juu ya mkokoteni, thelathini kamili, ziking'aa mpaka ng'ombe wetu wakashtuka. Sasa bati zikienda kwa mtu aliyeoa juzi, zinakwenda kufanya nini? Huku kwetu bati ni nyumba. Basi nikasema ni nyumba. Nikasema kanisani, nikasema kisimani, nikasema kwa fundi cherehani ambaye hata hakuniuliza.

Kwenda kuiona nisingeweza. Unajua mila yetu, mama mkwe hakanyagi kwa mkwilima wake mpaka wazee wachinje mbuzi wa kuondoleana haya, na huyo mbuzi wameshamwahirisha mara mbili, kwanza kwa msiba, halafu kwa palizi. Miaka miwili sasa mimi na Constantine hatujaonana uso kwa uso. Tukikutana njiani yeye anaingia kwenye mihogo, mimi najifunika kitenge. Scola akija kunisalimia nikamwuliza habari za nyumba, anacheka, anasema, "Ipo, mama, haijambo." Nikaridhika.

Ikafika siku moja pale kwenye mizani, watu wamejaa na marobota yao. Mimi nilikuwa naeleza kidogo tu habari za nyumba ya Scola. Jirani yangu Nyanjige, yule mnene, mdomo wake unaujua, akasema mbele ya watu wote, "Mama Scola, hizo bati ulizihesabu zikienda. Umezihesabu zikiwa juu ya paa?"

Watu wakacheka. Nikamwambia wewe una wivu kwa sababu wanao wote hawakufika hata darasa la saba.

"Wivu ninao," akasema, "lakini shemeji yangu alipita kule kutafuta ndama. Anasema mwanao analala kwenye nyasi."

Lukresia, maneno yale yaliniingia. Kwanza aibu, maana nilishasema kwa watu wengi. Halafu usiku nikawaza jingine, baya kuliko aibu. Kama bati zilipita hapa na nyumba ni ya nyasi, bati zimekwenda wapi? Je, mkwe wangu ameziuza akanywa? Mwanangu anateseka na ananichekea ili nisijue?

Asubuhi nikamgongea Nyanjige mlango. Nikamwambia vaa viatu, tunapanda kilima.

Namaanisha kile kilima cha nyuma ya kwa marehemu Bundala. Unakikumbuka? Kila mtu anakitazama, hakuna anayekipanda. Wageni wakija wilayani wanapelekwa mbugani kutazama tembo. Kilima chetu hakuna anayekiulizia. Sisi wenyewe tunakitumia kupotezea mbuzi. Lakini nyumbani kwa Scola ni upande wake wa pili, na niliwaza kwamba kutazama kutoka juu siyo kukanyaga. Mila haijasema kitu juu ya kutazama.

Njia yenyewe ni fupi, mdogo wangu, utashangaa. Ukiinjika maharage wakati unatoka, utafika juu hayajaiva. Inaanzia kwenye minyaa, inapita kwenye migunga iliyoliwa na mbuzi, halafu ni mawe matupu, na pimbi wanakukodolea macho kama wenye nyumba. Karibu na kilele mawe mawili makubwa yamekaribiana mpaka unapita kwa ubavu. Nyanjige alipumzika mara sita. Mimi mara mbili, na mara moja ilikuwa ni kumsubiri yeye. Nina miaka hamsini na mitatu! Darasa langu la nne ni dogo, lakini miguu yangu ina digrii.

Juu kuna jiwe pana kama uwanja wa kuanikia mtama. Lukresia, nimezaliwa hapa, nimeolewa hapa, sikuwahi kujua ninakaa mahali pazuri namna ile. Upande mmoja tambarare inakwenda, inakwenda, mpaka inageuka kuwa bluu huko Serengeti. Upande mwingine vumbi la gari la Bariadi, na mto umekauka umebaki mchanga mweupe. Nikaiona nyumba yangu, ndogo kama kiberiti, na Baba Scola amekaa uani. Nikamwita. Hakusikia, kama kawaida yake. Tukakaa tukala michembe ya viazi na karanga, Nyanjige akanyamaza kabisa, na hilo peke yake lilitosha kunilipa uchovu.

Halafu tukatazama chini upande wa Scola. Na pale, karibu na shule, paa refu la bati, linamulika macho! Sikuwa na haja ya kuhesabu. Nikasimama, nikapiga vigelegele. "Nyanjige, lile nini? Lile ni nyasi?"

Akalitazama muda mrefu. "Nimekosa, mama Scola. Ni bati. Nitasema kwenye mizani."

Tukaanza kushuka, yeye mbele mimi nyuma, moyo mweupe. Tumefika pale kwenye mawe mawili, tumeshajibana katikati, mara mtu huyu hapa anapanda kutoka chini, amebeba mizani begani. Ni Constantine! Kumbe ile ndiyo njia yake ya mkato akitoka kununua pamba huku kwetu. Mihogo ya kuingia hakuna. Kurudi nyuma hawezi, mizani imeshika kwenye jiwe. Mimi nikataka kurudi juu, kitenge kimenasa kwenye mwiba. Ikabidi nigeuze uso nitazame jiwe la kushoto, yeye akageukia la kulia, na Nyanjige katikati anacheka mpaka anashikilia mawe.

"Mwangaluka, mayu," Constantine akaliambia jiwe lake, ndiyo kunisalimia mama.

"Mwangaluka, baba," nikaliambia langu.

"Mkwilima," Nyanjige akasema, "mama mkwe wako amenionesha nyumba yako, nimeshindwa. Ndefu hivyo, mnalala vyumba vingapi?"

 Nikasikia mizani ikikwaruza jiwe. Halafu akasema, "Mwambie mayu lile ni ghala la pamba. Nyumba yetu ni ile ndogo ya pembeni. Ya nyasi."

Mdogo wangu, nilitamani lile jiwe lifunguke niingie. Nyanjige aliacha kucheka, namsifu kwa hilo. Nikamwambia, "Mwulize ni kwa nini pamba inalala kwenye bati na mwanangu analala kwenye nyasi."

"Mwambie mayu, bati nilinunua kwa ajili ya nyumba, kweli kabisa. Ikaja ile mvua ya ghafla wakati wa kununua, pamba ilikuwa imelundikwa nje chini ya turubai, na turubai likapeperuka. Scola alikuwa na watoto wa shule wanabeba marobota kwa vichwa kuyaingiza darasani. Kesho yake akasema bati ziende kwenye pamba kwanza, maana ni jasho la watu. Mimi nilikataa. Siku tatu nilikataa. Yeye ndiye aliyenishinda."

"Mwulize kama nyumba inavuja."

"Haivuji. Nimeiezeka mwenyewe mara mbili. Nikipata bati nyingine ni zake, mwambie."

Nikamsikia anavyoongea na jiwe kama mtoto wa shule mbele ya mwalimu, nikajua huyu hajauza kitu. Lakini moyo wa mama hautulii kwa kusikia. Nikanasua kitenge, tukarudi juu kumpisha, nikamwambia Nyanjige amwambie atangulie, awe mbele mbali nisimwone vizuri, sisi tunafuata. Nitachinja mbuzi wangu mwenyewe, wazee wakitaka kunisema waje waniseme nikila.

Tulimkuta Scola amekaa kwenye mkeka anasahihisha madaftari, kalamu nyekundu sikioni. Alivyoniona alipiga kelele mpaka kuku wakaruka. Constantine akaingia ghalani na hakutoka mpaka tulipoondoka, adabu anayo. Nikaingia ndani nikakagua. Nyasi zimepangwa vizuri, sakafu imesiribwa kwa samadi, kavu, inanukia vizuri, vitabu viko kwenye rafu, chungu kina chakula. Na tumbo lake, Lukresia, lina miezi mitano! Alikuwa ananisubirisha.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia ukweli kuhusu bati. Akainamisha kichwa. "Mama, ulikuwa umeshasema kwa watu wengi. Sikujua nitakutoaje kwenye maneno yako."

 Mimi, ambaye huwa sikosi la kusema! Nilimsaidia kupanga madaftari tu.

Tulipokuwa tunapanda kurudi, Nyanjige alinishika mkono. "Mimi sikuona kitu," akasema. "Lile ni paa la bati, nililiona, ninakulindia."

Nikamkatalia. Siku ya kupima ilipofika nikasimama mwenyewe mbele ya mizani, nikasema: Sikilizeni, nyumba ya Scola ni ya nyasi. Bati alizivua kichwani kwake akaifunika pamba yenu, ndiyo maana mwaka jana haikuoza na mlilipwa. Nani kati yenu ana mtoto wa namna hiyo?  Mzee Mihayo, aliyekuwa mbele ya foleni, akavua kofia.

Basi, kama uliwaambia watu wa huko Songea kwamba ni nyumba ya bati, wasahihishe. Na ukishawasahihisha, wasimulie yote, usiache hata neno. Na wewe njoo Desemba uone mjukuu akizaliwa, na nitakupandisha juu. Hata huo mguu wako utafika.

Msalimie sana shemeji Athanasi, na Elina, na Sylvester mwambie asome. Nyanjige anakusalimu, anasema kule kileleni alipumzika mara tatu tu. Usimwamini.

Mungu akulindie afya, mguu wako, na wote walio chini ya paa lako, liwe la bati au la nyasi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kuliko ninavyoweza kuandika,

Felisita, Mama Scola