Kasi ya Gari la Shemeji

Jumapili, baada ya isha

Nani alinituma? Kaka wa mchumba wangu kaja Kibiti na gari jipya la spoti. Tunakula, anamwambia mama yake linafika kilomita mia tatu kwa saa. Nikauliza lina nguvu za farasi ngapi. Mia mbili. Mwalimu wa fizikia nikapiga hesabu palepale: kasi ikizidi mara mbili, kuupasua upepo kunataka nguvu mara nane.

"Shemeji, mia tatu inataka farasi kama mia nne. Hili litaishia mia mbili arobaini."

Akaacha kula. Mama mkwe akaninong'oneza, "Mwanangu, si ungengoja amalize pilau?"

Na Ijumaa hii yeye ndiye wa kunipeleka ukumbini. Nimeshinda nikihofia atasusa harusi.

Sasa hivi kaniandikia: "Shemeji, nikikunja vioo vya pembeni je?"

Nimemjibu, mia mbili arobaini na nne. Kasema alhamdulillahi.