Blanketi la Sufu

Machi 4

Kwako Baba,

Shikamoo. U hali gani, na mgongo je? Mimi sijambo, ila tumbo sasa linanitangulia kila mlango.

Kwenye hii kamusi ya wauguzi tunayoiandika nimekwama na neno la Kiingereza, fomites. Ni vitu vinavyosambaza ugonjwa: shuka, nguo, mablanketi. Limetoka Kilatini, fomes, yaani vijiti vikavu vya kuwashia moto. Watu wa kale waliona ugonjwa unajificha kwenye kitambaa kama cheche. Nikakukumbuka wewe, dobi wa hospitali, nikacheka peke yangu. Ukija, usisahau blanketi la sufu la marehemu mama, nimfunike mjukuu wako.

Binti yako

Machi 19

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unanivumilia. Lakini barua yako imenivuruga. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, bado sielewi. Kama shuka ndizo kuni, mimi ninayezishika kutwa ni nani, kiberiti? Na mama yako alifia ndani ya blanketi hilo. Sasa hata mikono yangu siielewi. Mtoto mchanga si wa kufanyia majaribio. Bora nisije. Naogopa, mwanangu.

Baba yako

Machi 30

Baba,

Shikamoo. Mjukuu wako kazaliwa, wa kike, na sote wazima.

Sasa nisikilize. Mama aliugua moyo, na moyo hauambukizi. Neno lile lilianza kwa watu wasiojua vijidudu ni nini. Wewe na maji yako ya moto na sabuni ndio mnaouzima huo moto. Njoo.

Binti yako

Aprili 21

Baba, mbona kimya? Nakusubiri kila siku. Sijui nimekosea wapi.

Binti yako

Mei 2

Mwanangu,

Marahaba, na hongera ya uzazi. Hujakosea, ni aibu iliyoninyamazisha. Nilikuamini, lakini roho ilikataa kutulia, nikalichemsha blanketi. Nikarudia, nikarudia tena. Dobi mzima, niliyewagombeza vibarua miaka yote kwamba sufu haichemshwi.

Limesinyaa, hata magoti yangu halifuniki. Nikalipakata nikalia, sijui namlilia mama yako au blanketi. Baadaye nikalitandaza juu ya mto wa kulalia, nikakaa nikilitazama.

Linamtosha mtoto. Nakuja nalo Jumamosi.

Babu yake