Kichwa cha Mbuzi

Jumamosi

Nitaandika tu. Leo kaka yangu Njiru amenishikia kisu.

Baba alichinja mbuzi kwa ajili ya digrii yangu, ya kwanza kijijini. Kule chuoni Nchiru, nilikopanga hosteli, nilikuwa peke yangu wa kabila la Wambeere, wenzangu wakaniita mtu wa mbuzi. Nilivumilia. Nilijua nyumbani nitapokelewa.

Kwetu kichwa cha mbuzi huliwa na wanaume. Baba akamwambia Njiru, aliyekuwa akikata nyama, "Mpe dada yako. Leo yeye ndiye mwanamume hapa."

Njiru aliacha shule akachuma muguka, yale majani ya kutafuna, ili mimi nisome. Aliposikia hayo alinikaba koo, akanibamiza ukutani, kisu shavuni. "Wewe ndiye mwanamume? Sema!"

Hakuna aliyemshika. Mama alitazama sufuria tu.

Nilimuuma mkono mpaka damu ikanijaa mdomoni. Kisu kilipoanguka nikakiokota, na Mungu anisamehe, nilitaka kumchoma kweli.

Njiru akalia kama mtoto. "Hiyo digrii nimeichuma mimi, Baba."

Baba akamtupia mbwa kile kichwa.

Mimi sikutaka kuwa mwanamume. Mpaka sasa hakuna aliyeniambia hongera.