Pushirodi Kumi na Sita

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na zile dawa za masikio umezimaliza au umezificha tena chini ya mto? Mimi mzima wa mwili, ila roho haijatulia. Kwa kuwa simu siku hizi unaisikia nusu nusu, nakuandikia.

Fundi mkuu alisafiri kumuuguza kaka yake, akaniachia mimi karani wake kazi isiyo ya karani. Injini ya gari la mashindano imewekewa kamshafti mpya na hedi, kile kichwa cha injini, imechongwa, kwa hiyo pushirodi za zamani, zile fimbo zinazosukuma roka ili vali zifunguke, hazina tena urefu unaofaa. "Wewe mtoto wa fundi," aliniambia, "pima, uagize."

Nilifanya kama nilivyokuwa nikikuona ukifanya. Nikafunga hedi, nikaweka springi laini za kupimia, nikapaka wino kwenye ncha ya vali. Nikaweka pushirodi ya kupimia, ile inayorefuka ukiizungusha, kisha nikazungusha injini kwa mkono mara mbili. Mwanzoni alama ya roka kwenye wino ilikaa ukingoni. Nikarefusha kidogo kidogo hadi ikawa nyembamba, katikati kabisa. Nikaandika urefu kwenye fomu na kuagiza kumi na sita. Zinatengenezwa kwa kipimo changu.

Fundi amerudi jana. Alitazama fomu, akacheka: "Karani, kwa mwandiko huu hata vali itatii." Hakupima tena. Baba, angepima tu ningepumua.

Mwanao

10 Machi

Mama,

Marahaba, mwanangu. Mgongo ni ule ule, na dawa ziko kabatini. Mambo ya mto ni uzushi wa shangazi yako.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa raha tu. Springi laini, sawa. Mizunguko miwili, sawa. Alama nyembamba katikati: hapo nilimwita shangazi yako aje asikie, naye akaniuliza huyo roka ni nani.

Kitu kimoja hukukiandika, nadhani kwa kufupisha. Kati ya hedi na bloku, pale panapozibwa kwa gasketi, uliweka gasketi ipi? Mpya haifai kupimia, maana ikishabanwa mara moja haifungiki tena. Kila karakana ina kuukuu moja iliyokwisha kubanwa, imetundikwa msumarini kwa kazi hiyo. Niambie tu, nikae raha.

Baba yako

24 Machi

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya cha wiki mbili. Siumwi. Naogopa.

Sikuweka gasketi yoyote. Ile kuukuu niliitupa mwenyewe wiki yangu ya kwanza, nilipokuwa nasafisha stoo. Ilikuwa nyeusi, imepinda, na haikuwa kwenye orodha ya vifaa. Hata nilijisifu. Siku ya kupima niliuona msumari mtupu, wala haukunishtua.

Pushirodi zimefika leo, zinang'aa. Ni fupi kwa unene wa gasketi, milimita moja na ushei. Fundi anafunga injini Jumamosi ya wiki ijayo, na mashindano ni wiki inayofuata. Dereva wa gari hilo hupita kila jioni, akaigonga injini kwa kiganja na kuiuliza, "Umeshindaje, bibi?"

Nimefikiria kunyamaza. Nimefikiria pia, nisikufiche, kusema kiwanda ndicho kilichokosea. Fundi angeniamini mimi. Je, milimita moja ni kubwa kiasi hicho? Nikisema ukweli, hataniachia tena hata penseli.

Mwanao

27 Machi

Mama,

Marahaba. Hii nimeisoma mara moja tu, nikatafuta kalamu. Nampa dereva wa basi aifikishe kesho.

Ndiyo, ni kubwa. Fundi atakaza nati za roka hadi kelele ziishe, na injini itawaka vizuri. Lakini roka itakuwa inaisukuma vali kwa ubavu kila mzunguko, na vali italika upande mmoja hadi siku itakapokwama, gari likiwa mbioni. Hilo unalijua, ndiyo maana unaogopa.

Mimi niliwahi kunyamaza. Ilikuwa boliti moja, sikuikaza inavyotakiwa, nikamkabidhi mtu gari lake. Halikutokea jambo. Lakini kwa miaka miwili, gari lile likipita nyumbani, niliacha kula nikalisikiliza hadi lipotee. Sipendi wewe ule namna hiyo.

Usimwandikie. Mwambie kwa mdomo, asubuhi, kabla hajashika spana. Akikufukuza, chumba chako kipo. Shangazi yako ameshaingiza cherehani humo, lakini tutamhamisha.

Baba yako

6 Aprili

Baba,

Shikamoo. Samehe grisi kwenye karatasi.

Nilimngoja Fundi mlangoni. Maneno niliyoyapanga yote yalinitoka. Nikasema tu, "Fundi, nilipima bila gasketi."

"Ile ya msumarini iko wapi?"

"Niliitupa."

"Uliitupa?"

"Haikuwa kwenye orodha."

Akaketi juu ya tairi, akajifunika uso kwa kofia, mabega yakitikisika. Nilidhani analia. "Miaka kumi na moja," akasema, "wezi wameingia humu mara mbili, hawakuigusa. Akaja karani!"

Baada ya hapo hakucheka tena. Alikwenda kumwambia dereva kwamba mashindano haya yatampita, nami nikasimama ubavuni pake. Dereva alinitazama, akasema, "Haya," akatoka bila kuiaga injini. Afadhali angenitukana.

Tuliazima gasketi kuukuu kwa jirani, tukapima upya, mimi nikizungusha, yeye akitazama wino. Kwenye fomu mpya, penye nafasi ya sababu, niliandika: Kosa la karani. Fundi akayakata maneno hayo.

"Kiwandani hawamjui karani," akasema. "Andika: ilipimwa bila gasketi. Hicho watakielewa."

Nikaandika. Akasaini chini ya jina langu, na bila kuinua uso akaniambia keshokutwa kuna injini nyingine ya kupima, nisije na viatu vyeupe.

Mwanao