Fulana ya Maji

Jumapili, 3 Agosti 1969
…na bado nasema inawezekana. Redio imeeleza wazi. Wale waliokanyaga mwezi, ndani ya mavazi yao mazito, walivaa fulana iliyoshonewa mipira myembamba, maji baridi yakipita humo kuwatoa joto. Fulana tu! Mimi cherehani ninayo. Na nina Haji wangu, mtia kuni kwenye tanuri la kiwanda cha mafuta ya mchaichai, njia ya Kizimbani. Juzi alianguka kwa joto. Msimamizi amemwambia akianguka tena, kazi basi. Na chumba tulichoahidiwa hukohuko nacho kimekwenda. Miezi miwili ya ndoa, mume namwona Jumapili tu. Sikubali.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimenunua mpira Darajani, pima sita. Nimeshona kutwa. Mama mkwe kachungulia mlangoni: "Bibi harusi, unamshonea mwanangu matumbo?" Jirani wa juu kacheka hadi kukohoa. Wacheke.

Jumapili, 10 Agosti
Haji kaivaa uani, mbele ya majiko mawili ya mkaa. Debe la maji juu ya ukuta, mpira unaingia begani, unatokea kiunoni. Mzuri jamani, hata na mipira! Lakini jasho vilevile. Kosa langu. Nimeishona ya kupwaya kama kanzu, upepo upite. Maji hayakumgusa mwilini. Kaondoka bila kitu. Nimelia kwa hasira.

Jumatano, 13 Agosti
Nimeibana. Bado inaachia mgongoni. Naifumua, naishona tena. Mama mkwe kanitazama kutwa, kisha kafungua kasha lake, katoa mkaja aliofungwa tumbo alipomzaa Haji.
"Mfunge huu juu yake. Mimi ulinibana siku arubaini."
Nimembusu mkono.

Jumapili, 17 Agosti
Majiko matatu leo! Haji kasimama, mkavu, anacheka. Kabebeshwa fulana na mkaja. Nampenda mpaka naona haya kuandika.

Alhamisi, 21 Agosti
Barua ya Haji. Siku tatu hajayumba. Wenzake wanamwita mzazi, wanauliza kapata mtoto gani. Kawajibu: pacha. Msimamizi kamwonyesha chumba, kina dirisha.
Nimeisoma mara nne. Nyumba imetulia. Kabla mwezi huu haujaisha nitakwenda kumwona. Mama naye anakuja. Anataka ahakikishe mkaja wake unafungwa sawasawa.