Mguu wa Kushoto wa Baba

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya ghala la mbao.
Jumatano, tarehe 9.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote uliotuacha huku. Vipi baridi ya huko, na lile jino limekubali kutulia? Sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Mimi bado niko na cherehani yangu. Macho yamepungua kidogo, ulimi haujambo.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali. Mama yuko ndani, kwenye mashine ya kusafisha damu, na atakaa hapo kwa muda wa saa nne. Kwenye simu Baba alikwambia kila kitu kiko sawa. Hakukudanganya, alikupunguzia tu.

Gari la otomatiki ulilotuma lilifika salama, tunashukuru. Pikapu ya Baba ya gia za mkono imekwenda kwa muuza matofali. Ulifikiri vizuri: daktari amesema goti la kushoto la Baba limesagika, klachi haliiwezi tena, na Baba asipoendesha Mama hafiki hapa mara tatu kwa juma. Mimi leseni sina. Teksi Baba hataki hata kuisikia. "Nimebeba saruji za watu kwa gari miaka thelathini na mbili, leo mke wangu abebwe na mwingine?" Ukimjibu hapo, umeyataka mwenyewe.

Fundi wa jirani alikuja kumwelekeza. "Mzee, hili halina klachi. Weka D, kanyaga mafuta, tulia." Baba akamtazama kama mtu aliyeambiwa ale bila kutafuna.

"Sasa humu ndani kazi yangu ni ipi?"

"Usukani, Mzee."

"Si mngemweka mbuzi!"

"Mbuzi hana leseni, Mzee."

Jumatatu tukatoka, Mama mbele, mimi nyuma. Baba aliendesha vizuri mpaka kwenye ule mteremko wa tangi la maji. Gari lilipoongeza kasi akataka kushusha gia, na mazoea yana taabu, kaka yangu. Mkono ukaenda kwenye gia, mguu wa kushoto ukaenda kutafuta klachi, ukakuta breki. Na unajua Baba klachi huikanyaga mpaka chini. Goti ambalo daktari alisema limekwisha likapata nguvu za kijana wa miaka ishirini.

Gari lilisimama papo hapo. Mkanda ulimbana Mama kifuani, mkoba wake ukaruka ukagonga kioo. Nilipogeuka nyuma, lori lililokuwa likitufuata sikuliona, niliona namba yake tu, na vumbi la juu ya namba. Lilikwepa likasimama ubavuni mwetu, tairi moja mtaroni. Dereva wake akashuka anafoka: "Mzee, unaua watu! Nani kakupa leseni?" Baba, ambaye enzi zake ndiye aliyekuwa akiwauliza wenzake swali hilo, akageuza gari. Akaturudisha nyumbani kwa mwendo wa kobe, akaweka ufunguo juu ya kabati.

Kwa hiyo Jumatatu Mama hakusafishwa. Jana miguu ikavimba, viatu havikuingia, na akilala chali pumzi inakatika. Nesi hakunibembeleza kwenye simu: "Mkikosa na Jumatano msiulize foleni. Mleteni chumba cha dharura, kama atafika."

Leo asubuhi nikawa naita teksi kwa siri. Mama akanifuma. "Kata simu." Akauchukua ufunguo kabatini, akajikokota mpaka kwenye gari, akakaa peke yake, mlango wazi, anahema. Baba akatoka akasimama kizingitini.

"Mama watoto, nitakuua."

"Nikibaki hapa nitakufa hata bila msaada wako. Washa gari."

Baba akaja akaketi kwenye usukani, akavua kiatu cha kushoto, akaurudisha mguu nyuma, chini ya kiti. Mama akaweka kiganja juu ya lile goti, akalibana. Kaka, unawajua wazee wetu. Mimi sijapata kuwaona wakishikana hata vidole. Nikatazama dirishani kwa adabu, huku nikichungulia kwa niaba yako.

Mteremko ulipoanza, goti likaruka. Mama akalikandamiza. "Hiyo siyo kazi yako." Kwenye mataa likaruka tena. "Nimesema tulia." Sikujua anaongea na Baba au na mguu, ila wote wawili walitii. Dakika arobaini nzima kiganja cha Mama hakikubanduka gotini. Tulipofika, shati la Baba lilikuwa limelowa mgongo mzima.

Sasa ombi langu: usimpigie Baba kumwambia apumzike, na usimtafutie dereva. Si leo. Namwona kwa dirisha la korido. Yuko kwenye maegesho, ndani ya gari lililozimwa, anajizoeza kwa mguu wa kulia peke yake: breki, mafuta, breki, mafuta. Mkono wake mwenyewe umelishika goti la kushoto. Mama akitoka kwenye mashine huwa hana nguvu ya kushika hata kikombe, na Baba analijua hilo kuliko sisi sote.

Msalimie sana wifi, na wale mapacha uwabusu. Shangazi anakusalimu, Fundi naye. Mungu akuangalie huko uliko, na jioni hii atuangalie sisi barabarani.

Mdogo wako akupendaye daima,
Kitindamimba