Aya Aliyorudishiwa Mama

Mjukuu wangu Rukia, marahaba. Kariakoo tu wazima, ila goti langu linanikumbusha umri.

Umeuliza utamwongozaje mwanao kwa Kurani. Nikiwa mdogo, kila nilipomsema mtu, mama alinisomea aya inayofananisha kusengenya na kula nyama ya ndugu yako aliyekufa. Siku moja, akisukwa na shoga yake ukumbini, akamsengenya jirani. Nikamsomea aya ileile, nikasubiri kofi.

Mama akainuka. Akajitanda khanga juu ya kichwa kilichosukwa nusu, akanishika mkono mpaka kwa jirani.

“Nimekusengenya, nisamehe. Huyu mtoto ndiye aliyenikumbusha.”

Aya ile hakunisomea tena, na mpaka leo sijaisahau.

Mbusu kitukuu wangu.

Bibi yako, Zuhura